Usukani mzito wa traiki: ubadilishe mabano, uma mzima, au hendeli tu?

Pikipiki kubwa ya safari inapoondolewa gurudumu la nyuma na kuwekewa ekseli yenye magurudumu mawili ikawa traiki, sehemu ya mbele mara nyingi huachwa kama ilivyotoka kiwandani. Hapo ndipo tabu inapoanzia. Sehemu hiyo ilibuniwa kwa chombo kinacholala kwenye kona, ambacho dereva wake huigusa hendeli kidogo tu na kuiacha pikipiki iiname. Sasa inatakiwa kuongoza chombo kisichoinama hata kidogo, ambacho lazima kigeuzwe kwa nguvu za mikono kama gari lisilo na pawa stelingi. Wamiliki wengi wa traiki, hasa Marekani na Ulaya ambako Honda Gold Wing na Harley-Davidson hubadilishwa kwa wingi namna hii, ni watu wa makamo na wazee, tena wengine walihamia magurudumu matatu kwa sababu magoti hayawezi tena kuizuia pikipiki isianguke. Kwao uzito wa usukani si suala la starehe.

Ulinganisho huu unahusu traiki yenye gurudumu moja mbele. Vyombo vyenye magurudumu mawili mbele, kama Can-Am Spyder ambayo usukani wake unasaidiwa na umeme, vina usukani wa namna nyingine kabisa, na havimo katika hesabu hii.

Uzito unatoka wapi

Ukichora mstari unaofuata shingo ya fremu, yaani mhimili ambao uma wa mbele (miguu miwili inayolishika gurudumu) huuzunguka, na kuuendeleza hadi chini, utakuta unagusa ardhi mbele kidogo ya mahali ambapo tairi linakanyaga. Umbali kati ya nukta hizo mbili, ambao hapa nitauita mburuto, ndio unaolifanya gurudumu lifuate nyuma ya mhimili wake na kujinyoosha lenyewe. Pikipiki ya magurudumu mawili inauhitaji ili itulie barabarani. Katika traiki, ambayo inasimama bila msaada wa mtu, mburuto huo huo unakuwa wenzo unaoshindana na dereva, kwa kuwa nguvu ya ubavuni inayolisukuma tairi katika kona huzidishwa kwa urefu wa mburuto, na matokeo yake ndiyo mikono inayolazimika kuyazuia.

Gold Wing GL1800, kizazi kilichoanza 2001, ina shingo iliyolala nyuzi 29.25 kutoka wima na mburuto wa milimita 109. Chukulia kwamba gurudumu la mbele limebeba kilo 180, na kwamba unapita kona kwa kasi inayozaa nguvu ya ubavuni sawa na asilimia 30 ya uzito huo. Ukiacha kando mchango wa tairi lenyewe, kila mkono utalazimika kusukuma au kuvuta kwa nguvu ya takriban kilo 6 kwenye hendeli yenye upana wa sentimita 80, tena kwa muda wote kona inapoendelea. Mburuto ukipunguzwa hadi milimita 50, nguvu hiyo inashuka hadi kilo 3 hivi. Kwenye kona moja ya mjini hutaitambua sana tofauti hiyo, lakini barabara ya milimani haina kona moja.

Watengenezaji wakubwa wanalijua jambo hili. Harley-Davidson walipotoa Tri Glide kwa mwaka wa 2009, hawakuichukua sehemu ya mbele ya pikipiki zao za safari na kuifunga ilivyo. Uma ulilazwa hadi nyuzi 32 ilhali shingo ya pikipiki zao za safari imelala nyuzi 26, mburuto ukashuka kutoka takriban milimita 170 hadi karibu 100, na chombo kikatoka kiwandani kikiwa na shokapu ya usukani, kifaa cha kuzuia mtikisiko wa hendeli. Mtu anayebadilisha pikipiki yake mwenyewe anajaribu kufika mahali hapo hapo kwa njia za mtaani.

Kabla ya kununua chochote, tambua aina ya uzito

Usukani unaweza kuwa mzito kwa sababu tatu tofauti, na dawa ya moja haitibu nyingine. Uzito unaokuja kwenye kona ukiwa na mwendo, na kupotea barabara inaponyooka, ni wa mburuto. Uzito unaousikia hata chombo kikiwa kimesimama au kikitambaa kuingia maegeshoni, kwa sehemu kubwa unatokana na tairi kukosa upepo, tairi pana kupita kiasi, au beringi za shingo zilizokazwa sana. Aina ya tatu ni chombo kinachotaka kwenda mbele tu hata ukiwa umekata usukani wote, huku tairi la mbele likiteleza. Huyo ni mgonjwa wa nyuma, si wa mbele. Traiki iliyofungwa ekseli isiyo na difu, ambayo magurudumu yake mawili ya nyuma yanalazimika kuzunguka kwa kasi moja, itagoma kugeuka hata ukiiwekea uma wa bei gani, na fedha zake zinapaswa kwenda kwenye difu.

Beringi za shingo zinapimika bila kubahatisha. Inua sehemu ya mbele kwa jeki mpaka gurudumu lining'inie, legeza nyaya na mipira yote inayoweza kuvuta hendeli, kisha tundika mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki sokoni, kwenye ncha ya hendeli na uvute polepole kwa pembe mraba. Sindano ya mizani inapaswa kutulia karibu mahali pamoja tangu upande mmoja hadi mwingine. Ikiruka gurudumu linapopita katikati na kushuka baada ya hapo, njia za beringi zimechimbika, kwa sababu traiki hukaa muda mwingi gurudumu likiwa limenyooka na kupigwa na mashimo ya barabara mahali palepale. Badilisha beringi, na kama zilikuwa za gololi weka za roli zenye umbo la koni. Gharama yake ni ndogo, na hakuna marekebisho mengine yatakayopimika vizuri juu ya shingo iliyochoka.

Hendeli na tairi: njia ya gharama ndogo

Hendeli pana ni wenzo mrefu. Ukitoka sentimita 80 kwenda 90, nguvu inayohitajika inapungua kwa asilimia 11 hivi, na faida hiyo unaipata ukiwa na mwendo na hata ukiegesha. Mipaka yake ni ya mwili wa dereva. Ukikata usukani wote, mkono wa nje lazima ufike mbali bila bega kuondoka mahali pake, na mtu mfupi hugundua haraka kwamba hendeli pana iliyokaa mbele inamtoa kwenye kiti. Kwa hiyo upana uendane na kuivuta hendeli nyuma, na nyaya pamoja na mipira ya breki vipimwe upya usukani ukiwa umekatwa pande zote mbili, maana mpira uliotosha jana unaweza kujikuta umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

Tairi la mbele lenye upepo wa kutosha na upana usiozidi wa awali husaidia bila gharama ya kutajika. Kuna wanaoweka gurudumu dogo zaidi ili kupunguza mburuto, na kihesabu hawajakosea: kwa shingo ya Gold Wing, tairi lenye nusu kipenyo pungufu kwa milimita 30 linapunguza mburuto kwa karibu milimita 17. Lakini hapo pua ya chombo imeshuka, spidomita inaweza kudanganya, na breki huenda zikahitaji kazi mpya. Kushusha mbele peke yake, kwa kuzipandisha shokapu ndani ya mabano yanayozishika, ni hafifu zaidi, kwani milimita 30 za kushuka huinamisha fremu mbele kwa nyuzi 1 tu na kuondoa milimita 7 za mburuto. Sioni sababu ya kuhangaika nayo.

Mabano ya pembe

Hii ndiyo njia inayochaguliwa na wengi waliobadilisha Gold Wing yenye shokapu za kawaida, na kwa maoni yangu wengi wao wamechagua sawa. Mabano mawili yanayozishika shokapu za mbele, la juu na la chini, yanaondolewa na kuwekwa mengine ambayo matundu yake yamechongwa kwa pembe, kwa kawaida kati ya nyuzi 4 na 6. Shingo haiguswi. Mhimili wa kugeukia unabaki ulipokuwa, lakini shokapu zinalala mbele zaidi kuliko mhimili huo, gurudumu linasogea mbele, na mburuto unapungua.

Kiasi chake kinakadirika. Kama kutoka kwenye bano la chini hadi ekseli ya mbele kuna milimita 650, kila nyuzi 1 inaisogeza ekseli kwa milimita 11 na kupunguza mburuto kwa milimita 13 hivi. Mabano ya nyuzi 4.5 yataushusha mburuto wa GL1800 kutoka 109 hadi karibu 50. Ya nyuzi 6 yataufikisha karibu 30, ambao kwangu ni mdogo mno kwa chombo cha barabara kuu. Usukani unakuwa laini kama wa baiskeli ya mtoto, lakini gurudumu linakuwa limebakiza ari ndogo ya kujinyoosha. Harley inaweza kuzibeba nyuzi 6 kwa sababu ilianzia milimita 170. Kwa hiyo nyuzi peke yake hazikwambii kitu mpaka ujue pikipiki yako inaanzia wapi, na muuzaji asiyekuuliza mfano na mwaka wa pikipiki kabla ya kukupa mabano hastahili fedha zako.

Kasoro zipo. Shokapu zilizolala zaidi hushusha pua ya chombo kwa milimita 20 hadi 30, ndiyo maana seti nzuri huja na vijazio au mabomba marefu zaidi ya kurudisha kimo. Mabomba hayo pia hupindwa zaidi na kila shimo kwa sababu pigo haliji tena kufuata urefu wake, kwa hiyo bushi na sili za mafuta huchoka mapema. Vituo vinavyozuia hendeli isigonge tangi lazima vihamishiwe kwenye bano jipya. Hili likisahaulika, siku ya kwanza ya kuegesha utasikia bodi ikipasuka.

Faida kubwa ambayo hailingani na ya njia nyingine ni kwamba kazi yote inafungwa kwa nati na bolti. Hakuna kinachokatwa. Ukiyahifadhi mabano ya awali, chombo kinaweza kurudishwa kilivyokuwa. Na ikirudishwa kuwa ya magurudumu mawili, mabano ya pembe lazima yatoke bila mjadala, kwa sababu pikipiki ya kuinama yenye mburuto mdogo kiasi hicho inaweza kuanza kutikisa kichwa ukiwa kwenye mwendo mkubwa na isikupe nafasi ya pili.

Yapo pia mabano yasiyo na pembe ambayo yanazisogeza shokapu mbele zikiwa bado sambamba na shingo. Kila milimita 10 inaondoa milimita 11 hadi 12 za mburuto, na shokapu zinabaki katika mlalo wake wa asili, jambo ambalo ni zuri kwa bushi. Tatizo ni nafasi: kusogeza milimita 50 nzima namna hiyo humaanisha taa, madigadi na kava za mbele zote zitafutiwe mahali papya. Kwa pikipiki isiyo na kava kubwa ningeyapendelea kuliko ya pembe. Kwa Gold Wing, hapana.

Uma wa mikono

Hapa shokapu zote za mbele zinaondolewa, na mahali pake unawekwa uma imara usiocheza, ambao kwa chini unashikilia mkono unaobembea juu na chini, na gurudumu linafungwa mbele ya egemeo la mkono huo. Shokapu mbili fupi zinasimama kati ya mkono na uma. Mwingereza Ernest Earles aliubuni mfumo huu mwanzoni mwa miaka ya 1950, na BMW waliutumia kwenye pikipiki zao kuanzia 1955 hadi 1969. Jambo la kuangaliwa kwa karibu katika zile BMW ni kwamba uma ulikuwa na matundu mawili ya kufungia egemeo la mkono, moja kwa pikipiki ya peke yake na jingine kwa pikipiki iliyofungwa kiti cha ubavuni. Ukihamisha bolti kutoka tundu moja kwenda jingine, gurudumu linasogea mbele na mburuto unafupishwa. Kiti cha ubavuni, kama ekseli ya magurudumu mawili, huizuia pikipiki isiiname. Tatizo ni lilelile, na jibu lilikwisha kupatikana miaka 70 iliyopita. Ural za Urusi zenye kiti cha ubavuni zinatumia uma wa jamii hiyo.

Ubora wake kwenye traiki ni wa kweli. Shokapu za kawaida hazikuundwa kupokea msukumo wa ubavuni, kwa kuwa pikipiki inayolala kwenye kona huupokea uzito wake kwa kufuata urefu wa mabomba. Traiki husukumwa kutoka ubavuni katika kila kona, mabomba yakajikunja kidogo, na dereva akahisi gurudumu likichelewa kutii. Uma wa mikono haujikunji namna hiyo. Ukishika breki, pua haizami. Kwenye baadhi ya miundo huinuka kidogo, jambo linalomshangaza mgeni kwa wiki ya kwanza. Mburuto unaweza kupangwa upendavyo, na ukiona umekosea kuna tundu jingine.

Ubaya wake ni bei, uzito na makaratasi. Bei yake ni mara kadhaa ya ile ya mabano ya pembe, kwa kuwa hapa unanunua sehemu nzima ya mbele, pengine pamoja na gurudumu, na breki lazima zipangwe upya pamoja na sensa ya ABS, yaani breki zisizoruhusu gurudumu kujifunga, kama pikipiki inayo. Nchi kama Ujerumani hairuhusu usukani ubadilishwe na kuingia barabarani bila ukaguzi na kibali kilichoandikwa kwenye hati za chombo, na bima popote ulipo itauliza. Uma wa mikono uliochomelewa na fundi asiye na meza ya kunyooshea ni hatari ambayo huioni kwa macho: mkono uliopotoka kwa milimita 2 utakifanya chombo kivute upande mmoja maisha yake yote.

Kukata shingo

Lipo wazo linalozunguka kwa sababu linafanana na mabano ya pembe, nalo ni kuikata shingo ya fremu na kuichomelea upya ikiwa imelala zaidi. Ukitazama kwa mbali, vyombo viwili vilivyofanyiwa kazi hizo vinaonekana pacha: gurudumu limekwenda mbele, uma umelala. Kihesabu vinakwenda kinyume. Ukiilaza shingo ya Gold Wing kwa nyuzi 4.5 na kuacha mabano ya awali, mhimili wa kugeukia nao unalala na kugusa ardhi mbele zaidi, na mburuto unapanda kutoka milimita 109 hadi 140 hivi. Umelipa fundi wa kuchomelea ili usukani uwe mzito zaidi, na fremu haiwezi tena kurudi. Pikipiki za maonyesho zenye uma mrefu hufanya hivyo kwa ajili ya sura. Traiki ya safari haina sababu.

Shokapu ya usukani

Wauzaji huiweka kwenye kapu moja na vifaa vya kulainisha usukani, na hapo wanapotosha. Shokapu ya usukani haipunguzi nguvu unayotumia. Ikikazwa sana huiongeza. Kazi yake ni kuzuia mtikisiko wa hendeli unaotokea kwenye mwendo mdogo, mara nyingi kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa, na ambao huweza kujitokeza hasa baada ya mburuto kupunguzwa. Kwa hiyo si mshindani wa mabano ya pembe, ni mwenzake. Mwenye mabano ya nyuzi 4 au zaidi aihesabu katika bajeti tangu mwanzo. Mtikisiko ukiwapo kabla ya marekebisho yoyote, tafuta kwanza tairi lisilo na mizani, beringi zilizolegea au rimu iliyopinda, kwani shokapu itaficha ugonjwa na kuuacha uendelee.

Nani achukue nini

Mwenye Gold Wing ya 2001 hadi 2017 au Harley ya safari iliyobadilishwa, anayesafiri barabara za lami na kuchoka mabega, achukue mabano ya pembe yaliyotengenezwa kwa ajili ya mfano wake, pamoja na shokapu ya usukani na beringi mpya za shingo kwa kuwa shingo itafunguliwa hata hivyo. Anayebeba abiria na mizigo mingi, anayepita njia mbovu, au anayevuta trela, ana sababu ya kutosha ya kujikusanyia fedha za uma wa mikono. Anayezunguka mjini tu, akilalamikia maegesho kuliko kona, hendeli pana na upepo wa tairi vitamtosha, na mabano ya pembe yatamwacha akijiuliza fedha zilikwenda wapi.

Gold Wing za kuanzia 2018 zimesimama peke yake, kwa sababu Honda waliacha shokapu za mabomba na kuweka mikono miwili yenye umbo la herufi A, moja juu ya nyingine. Mabano ya pembe ya kizazi kilichotangulia hayana pa kukaa humo, na sehemu za kubadilisha mburuto lazima ziwe za mfumo huo hasa. Anayenunua pikipiki ya kubadilisha, na bado hajachagua mwaka, alipime hilo kabla ya kuvutiwa na mtindo mpya.

Swali la guta la mizigo, ambalo Tanzania wengi huliita toyo, huulizwa katika mazungumzo haya, na jibu lake ni tofauti. Usukani wake hubadilika na mzigo: magunia yakirundikwa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele hupungukiwa na uzito na usukani ukawa mwepesi kupita kiasi; yakisogezwa mbele, unakuwa mzito. Kupunguza mburuto wa chombo kama hicho ni kukifanya kiyumbe siku kitakapopakiwa vibaya. Sogeza mzigo, angalia upepo na beringi, uache uma wa mbele ulivyo.

Kwa yeyote atakayefunga mabano au uma mpya, jaribio la kwanza lifanywe kwenye uwanja mtupu. Kata usukani wote pande zote mbili injini ikiwa imezimwa, ukiangalia nyaya na mipira. Kisha endesha kwa kilomita 15 kwa saa na kupanda taratibu hadi 50, viganja vikiwa vimelegezwa juu ya hendeli bila kuiachia, na usikilize kama mtikisiko unaanza na kufa wenyewe au unakua. Ukikua, punguza mwendo kwa breki ya nyuma, usiibane hendeli kwa nguvu, na usirudi barabarani kabla shokapu ya usukani haijafungwa na nati ya shingo kukazwa upya. Nati hiyo hulegea baada ya beringi mpya kukaa, na inapaswa kupimwa tena kwa ile mizani ya ndoano baada ya kilomita mia chache za mwanzo.